Uzi Uliokuwa Ukuta

Nitoe ngano? Itoe, tuipokee!

Palikuwa na zimwi lenye kibali cha kumla yeyote litakayemkuta nje ya nyumba yake. Adhuhuri ya Sabato, katika mtaa wa Wayahudi, likamkuta Bi Tsipora amebeba mkate wa kumpelekea jirani aliyejifungua.

“Uko nje! Nakula!”

“Niko ndani, bwana.”

“Nje!”

“Ndani.”

“Nje! Ukuta uko wapi?”

“Tazama juu.” Uzi mwembamba ulipita juu ya nguzo, ukauzunguka mtaa wote. “Kwa sheria yetu, siku ya Sabato mtu habebi kitu nje ya nyumba. Ndiyo maana jana tulifunga uzi huu na kuchangia mkate mmoja wa watu wote: uzi ukawa ukuta, na kwa mkate huo mtaa ukawa nyumba moja.”

Zimwi likauzunguka mtaa mara tatu likitafuta mwanya. Halikuuona.

“Nawe umeingia nyumbani mwa watu bila hodi,” akasema Bi Tsipora. “Hukufundwa?”

Zimwi likainama. “Hodi,” likanong’ona.

“Karibu!” wakaitika majirani madirishani kote.

Likakalishwa, likalishwa likashiba. Na mgeni hamli mwenyeji. Tangu hapo, kila Ijumaa zimwi ndilo linalokagua uzi, kwa kuwa halihitaji ngazi.

Ngano imetua, aliyeifurahia aibebe.