Sweta la Nakijwa

Hapo zamani, wakati babu zetu wangali na meno yote, huko milimani Upare kulikuwa na mzee wa kanisa aitwaye Eliamani. Mtu mzuri, msinielewe vibaya. Miaka ishirini hakukosa ibada. Ila alikuwa na neno moja lililomtoka kama salamu: "Tutakuombea." Ng'ombe wako kavunjika mguu? Tutakuombea. Unasafiri? Tutakuombea. Kisha huyo, anakwenda zake kupalilia tangawizi, na neno limeishia hapo hapo. Msicheke, na ninyi mnalisema.

Basi maumivu ya mgongo yakamlaza kitandani Nakijwa, mjane wa jirani. Akaomba aombewe. Eliamani akasema, "Tutakuombea." Mama Senzia, mwenyekiti wa kina mama, akaliandika jina lake kwenye daftari la wagonjwa, akaahidi kuliombea kila siku. Na Kirumbi fundi viatu, ambaye kila Krismasi huahidi kurudi kanisani mwaka mpya ukiingia, akamwambia, "Dada, mimi na maombi tumeachana siku nyingi. Ila ndoo ya maji naiweza."

Mwezi mmoja ukapita, miezi miwili ikapita. Eliamani alikuwa ameshasahau. Mwezi wa tatu wa ugonjwa, akipita nyuma ya nyumba ya Nakijwa, akamsikia akiongea na Kirumbi ndani.

"Siogopi, Kirumbi. Maumivu yakizidi, najua mzee Eliamani yuko magotini. Basi na mimi nafuma mstari mwingine. Sweta hili ni la anayeniombea."

Mzee wa watu akageuza njia. Akaingia shambani, akapiga magoti kati ya tangawizi. Maneno hayakuja! Mtu aliyeongoza sala miaka ishirini, hana la kumwambia Mungu. Akalia tu. Kesho yake akarudi, keshokutwa akarudi, siku tisa. Siku ya kumi Nakijwa akasimama.

Jumapili akaja kanisani na fimbo, Kirumbi akimshika mkono. Kirumbi akabaki mlangoni. Nakijwa akaliweka sweta mbele ya watu wote.

"Aliyeniombea alichukue. Mzee wangu, si ni lako?"

Ilikuwa Julai, na baridi ya milimani mnaijua. Macho yote kwa Eliamani. Akilichukua, ni mwizi. Akilikataa, atamvunja moyo mwanamke aliyejishikiza kwake miezi mitatu. Akasimama.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikusahau. Nimekuombea siku tisa tu za mwisho, tena kwa kulia tu, maneno hayakuja."

Machozi yalimlengalenga Nakijwa.

"Basi ni langu," akasema Mama Senzia. "Siku tisini, sikuruka hata moja." Kisha naye akainamisha kichwa. "Lakini niseme kweli. Nilikuwa nasoma majina huku nawaza maharage jikoni. Jina lako nimelitaja mara tisini, mlangoni kwako sikufika."

Watu wakageuka kumtazama Kirumbi.

"Mimi msinitazame," akasema. "Sikuomba hata siku moja. Maji nilileta, kuni nilileta, uji nilikoroga, kila asubuhi. Lakini yeye hakufuma kwa ajili ya uji."

Eliamani akasema, "Apewe Kirumbi. Sisi tulisema, yeye alikwenda."

Kirumbi akasema, "Apewe Mama Senzia. Aliahidi, akatimiza."

Mama Senzia akasema, "Apewe mzee. Katika sisi watatu, ni yeye tu aliyelia."

Nakijwa akaliokota sweta lake, akasimama katikati yao. Akamtazama Eliamani kwa muda mrefu. Mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi na aibu.

Sweta ni moja, na mabega ni ya watu watatu. Haya, ninyi mliokaa kimya muda wote huu, mwambieni Nakijwa: je, nani alistahili kulivaa?