Kapteni wa Katy

Wahenga walikuwa na macho. Walimwona mtu akijikuna huku akikung'uta mkeka, akipekua kitanda na kumtupia jirani jicho la pembeni. Wakamwambia, kwa heshima zote, aanzie kwenye shati lake. Flaviana aliijua methali hiyo tangu darasa la nne, na aliwahi kuiandikia insha ikasomwa mbele ya shule nzima. Lakini kuijua methali si kuifuata.

Flaviana alikuwa muuguzi, akiishi Katy, mji wa pembezoni mwa Houston, Marekani, pamoja na mumewe Humphrey na binti yao wa miaka kumi, Ella. Sifa yake kubwa ilikuwa kutomwamini mtu. Fundi wa kiyoyozi akija, alimfuata hadi darini. Dukani alifungua trei ya mayai akayagusa moja moja. Hakuzaliwa hivyo. Aliwahi kuuziwa kiwanja cha Kibaha akiwa huku huku Marekani, na ndugu yake alipokwenda kukiona alikuta waumini wanaimba pambio ndani ya kanisa lililokwisha kuezekwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka huo familia ilikuwa imepanga likizo ya kwanza ya maana tangu Ella azaliwe: wiki moja katika visiwa vya Karibi, na boti ya kukodi, leo kisiwa hiki, kesho kile. Usukani angeushika Humphrey mwenyewe. Nani mwingine? Watanzania wa Houston walimwita Kapteni, kwa sababu walisikia kwamba ujanani aliendesha boti ya mjomba wake kati ya Mwanza na Ukerewe. Hadithi hiyo ndiyo iliyomnasa Flaviana miaka kumi na minane iliyopita, walipokuwa wanafunzi katika mji wa Richardson wakakutana ndani ya treni. Tangu hapo Flaviana aliisimulia zaidi kuliko Humphrey mwenyewe: harusini, kwenye ubatizo, hata wodini.

Mwenye boti, bwana mmoja aitwaye Omer, alituma fomu. Palipoulizwa uzoefu wa nahodha, Flaviana hakumsumbua mumewe. Alipiga hesabu kichwani akaandika: miaka minane. Siku ya pili Omer akajibu kwa adabu kwamba angependa kuona video fupi ya Humphrey akiegesha boti gatini. Isipowezekana, angewapa nahodha wa kule kule.

"Umeona?" Flaviana alimwambia mumewe jikoni. "Huyu tapeli. Anatafuta kisingizio atubandike mtu wake, atupekue mabegi."

"Labda tumchukue tu huyo nahodha," Humphrey akasema, macho yakiwa kwenye sufuria. "Na mimi nika-relax."

"U-relax? Kapteni mzima? Huyo Omer atatujua sisi ni nani."

Ella, aliyekuwa akila mezani, akainua kichwa. "Dad, can't you just make the video?"

Humphrey akakumbuka ghafla kwamba hajatoa takataka nje.

Jumamosi hiyo alikuja Macaire, Mrundi wa mji jirani wa Stafford waliyesali naye parokia moja, mfanyakazi wa ghala na mtu wa maneno machache. Kabla vita havijamkimbiza kwao, alikuwa akiendesha boti ya abiria Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika. Hilo alilisema mara moja tu, na Flaviana hakuliamini. Siku hiyo, aliposikia habari za safari, aliuliza maswali mengi mno: boti ina injini ngapi, Humphrey amezoea ya namna gani. Kisha wanaume hao wawili wakajifungia gereji. Flaviana alipopita na kapu la nguo, akamsikia Macaire akisema kwa sauti ya chini, "Mwambie mapema, kaka. Maji hayamwonei mtu haya."

Aambiwe nini? Akaliweka kapu chini, akaanza kuunganisha mambo. Parokiani walikuwako akina Omer wawili, na wote Warundi. Macaire, Omer: majina ya benchi moja kanisani! Kumbe Omer wa Karibi alikuwa jamaa yake Macaire, na yule nahodha wa kule kule ni Macaire mwenyewe, anayetafuta likizo ya bure kwa mgongo wao. Ushahidi huo ulimtosha, wala hakuona haja ya kumuuliza mtu.

"Jumamosi ijayo tunakodi boti kule ziwani Clear Lake, kwa saa moja tu," akatangaza walipotoka gereji. "Video tutaipiga. Na wewe Macaire njoo ushuhudie."

Wiki nzima Humphrey aliumwa. Jumatatu ilikuwa mgongo, Jumatano sikio, na Ijumaa akadai mvua inakuja huku jua likichoma. Flaviana aliona wazi kwamba Macaire amemtia mumewe woga.

Jumamosi ikafika. Walipoondoka gatini, Macaire alisimama ubavuni mwa Humphrey akimnong'oneza, "Polepole. Kushoto kidogo." Boti ikaenda vizuri, upepo ukawapiga usoni, Ella akapiga kelele za furaha. Ulipofika wakati wa kurudi kuegesha, Flaviana akainua simu.

"Macaire, kaa nyuma. Na usiseme neno, sauti yako itaingia kwenye video."

"Dada, niache nisimame karibu naye."

"Nimesema kaa."

Macaire akakaa, lakini si nyuma. Alikaa karibu na Ella, aliyekuwa ukingoni mwa boti, kamba mkononi, miguu ikining'inia nje tayari kurukia gatini. Gati likaja, tena likaja mbio. Kwenye kioo cha simu Flaviana aliuona mkono wa mumewe ukishika mpini wa injini, ukasita, kisha ukausukuma mbele badala ya kuuvuta nyuma. Injini ikanguruma. Macaire akamdaka Ella kwapani, akamvuta ndani, wakaanguka pamoja. Ubavu wa boti ukajibamiza kwenye nguzo pale pale ilipokuwa miguu ya mtoto. Ndala yake moja ilibanwa katikati, ikatoka vipande viwili.

"I'm okay, Mom," Ella alisema, akilia.

Flaviana alipiga magoti akavigusa vidole vya miguu ya mtoto kimoja kimoja, kama alivyogusa mayai dukani. Vilikuwapo vyote kumi. Macaire alikuwa ameshashika usukani, akailaza boti gatini taratibu. Humphrey alikuwa ameketi sakafuni.

"Sijawahi kuendesha boti, mke wangu," alisema. "Nilikuwa nakata tiketi kwenye boti za watu."

"Na boti ya mjomba?"

"Mjomba alikuwa fundi cherehani."

"Miaka kumi na minane, Humphrey!"

"Siku ile kwenye treni ulikuwa unalia, umekumbuka nyumbani. Nikakwambia mimi ni kapteni, ukacheka. Halafu ukaanza kuwasimulia watu. Nikakosa pa kushukia."

Hasira ilimpanda Flaviana, na ndani ya hasira hiyo mlikuwa na huzuni. Akamgeukia Macaire. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua siku aliponisaidia kufunga mizigo kwenye gari, dada. Mtu wa boti hafungi kamba vile. Nilimwomba akuambie mwenyewe. Nyumba ya watu siiingilii."

"Na Omer ndugu yako?"

"Omer gani?" Macaire akauliza, na usoni pake hapakuwa na hila hata chembe.

Flaviana akaenda kukaa garini na simu yake. Aliitazama video mara moja tu, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yake: "Nimesema kaa." Akafungua fomu. Miaka minane, na aliyeiandika ni yeye. Akaandika ujumbe kwa Omer: "Tunaomba nahodha. Ile miaka minane ifute, niliandika bila kuuliza." Kisha akamwita Humphrey, akampa simu abonyeze kuutuma kwa kidole chake mwenyewe. Humphrey akabonyeza.

"Asante, kaka," Flaviana alimwambia Macaire, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Alikuwa ameyakagua mayai, mafundi, Mrundi wa watu na mwenye boti aliyeko ng'ambo ya bahari. Shati lake mwenyewe hakulikung'uta hata siku moja. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.