Pete Iliyofungwa kwa Mpira

Alikuwepo mtu mmoja, ndugu zangu, aliyewajua ndege kuliko alivyowajua majirani zake. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege kwenye kinamasi kimoja huko magharibi. Msiniulize kijiji gani. Mkikijua mtasema, "Ah, wale, ndivyo walivyo," na mahubiri yatakuwa yamewahusu wao, nanyi mtakwenda kula chakula cha mchana na amani yenu yote.

Katika kinamasi hicho aliishi ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana kama kiatu. Ndege huyu akisimama, amesimama. Anaweza kukaa asubuhi nzima hajatikisa hata unyoya. Ukimtazama kwa macho matupu kutoka nchi kavu unaona kisiki. Na kumsogelea huwezi, maana katikati hapo ni matete na tope la kumeza mtu. Mwaka huo alikuwa amejenga kiota, na ndani ya kiota mlikuwa na kifaranga.

Basi kikundi cha waongoza wageni kikakubaliana kununua darubini moja nzuri, ile ya jicho moja inayosimama juu ya miguu mitatu. Wakamtuma yeye mjini akaichague.

Nataka nimtendee haki mtu huyu: kuchagua alijua. Wengine wakiingia dukani huuliza, "Ipi inavuta karibu zaidi?" kama watu wanaonunua kamba. Yeye hakuuliza hivyo. Alijua kwamba darubini inayovuta sana na kioo chake ni duni inakusogezea giza tu. Alizitoa nje moja moja, akazielekeza kwenye kivuli chini ya mapaa. Mabango yaliyopigwa na jua hakuhangaika nayo, kwa sababu juani kila kioo ni kizuri, na ndege wake hutoka alfajiri. Akatazama waya wa umeme ulivyopita angani, kuona kama una kivuli cha zambarau ubavuni, maana hiyo ni dalili ya kioo cha hovyo. Akaipiga kofi miguu mitatu kuona kama picha inatulia upesi. Muuzaji mwenyewe alichoka.

Mwisho zikabaki mbili. Muuzaji akasema, "Kaka, kwa kioo hizi ni mapacha. Ila hii, pete yake ya kurekebisha picha ni laini, hata bibi kizee anaizungusha. Hiyo nyingine pete yake ni ngumu kidogo, lakini ukishaiweka haihami. Watakaotazama ni watu gani?"

"Anayejua ndege ni mimi," akajibu. "Nipe isiyohama."

"Sawa, ila macho ya watu..."

"Ndege ni yule yule, kaka," akamkatiza.

Hebu niwaulize: amesema uongo? Hajasema. Ndege ni yule yule. Mtu huyu hatasema uongo hata mara moja mpaka mfano huu uishe, na hilo ndilo linalonisumbua mimi.

Akarudi na darubini yake. Akaisimamisha kwenye mwinuko, akaielekeza kiotani, akazungusha pete taratibu mpaka jicho la ndege likatokea, la manjano, wazi kabisa. Moyo ukamruka kwa furaha. Wenzake, vijana wa kikundi, wakainama nao wakaona, maana jicho la kijana lina nguvu, hata picha isipokaa sawa linajikaza lenyewe. Shida ilikuwa wale waliokuwa wakifika na kuishikashika ile pete. Picha inapotea, naye anaanza upya kuitafuta. Siku moja akachoka. Akachukua mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukata utepe, akaizungushia pete na kukaza fundo. Sasa haihami tena. Ilikuwa sawasawa kabisa, kwa jicho lake yeye.

Mwaka huo huo akatokea mwekezaji anayetaka kukausha kinamasi alime miwa. Kijiji kikagawanyika, mnavijua vijiji. Mkutano mkuu ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mzee mwadilifu. Wapo, msicheke. Mzee akatangaza hivi: "Kijana wetu anasema kule ndani kuna ndege ambaye watu wanavuka bahari kumtafuta. Mimi miaka yote nimeona kisiki. Sasa nitakwenda na wajumbe wangu tukatazame. Tukimwona, nitasimama mbele yenu niseme kinamasi hakikaushwi. Na neno langu mnalijua."

Walilijua. Mzee yule akisema hapana, kijiji kizima kinasema hapana. Kwa hiyo kinamasi chote, na kile kifaranga ndani yake, vilitegemea jicho la mzee mmoja.

Wakaenda asubuhi, mwenyekiti na wajumbe wachache, mmoja wao mama wa makamo mwenye miwani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuonyeshe."

Mzee akainama kwenye darubini.

"Naona ukungu," akasema.

"Hakuna ukungu, Mzee, jua limeshatoka. Tazama vizuri."

"Natazama vizuri. Kuna kitu kimesimama, kama kisiki ndani ya moshi."

"Ndiye huyo!"

"Kisiki?"

"Ndege, Mzee! Ana jicho la manjano! Ana kishungi kisogoni! Yuko peupe pale!"

Mzee akatazama tena, akatikisa kichwa, akampisha mama. Mama akavua miwani, akainama, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ile pete. "Hapa hapazunguki?"

"Usiguse, mama! Nimeshaiweka sawa. Ukigusa utaharibu."

Mama akarudisha mkono ndani ya khanga. "Basi mimi naona uji," akasema.

Hapo kijana akapandisha hasira. "Mwenye macho haambiwi tazama! Watu wanatoka Ulaya kuja kumwona, ninyi mmezaliwa hapa hapa mnaona uji?"

Lo! Maneno hayo kwa wazee. Naye akaanza kuwaeleza. Akaeleza ndege ana kimo gani, anakula nini, anataga wapi, na kwa nini akiondoka hapo harudi. Alieleza vizuri sana, machozi yakimlengalenga, na kila alichosema kilikuwa kweli. Wazee wakasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha wakapangusa tope kwenye viatu, wakaenda zao.

Siku ya mkutano mwenyekiti akasimama. "Kijana yule simwiti mwongo," akasema. "Lakini niliahidi kuwaambia nilichokiona, na mimi nimeona ukungu. Siwezi kuutolea ukungu ushahidi." Akakaa. Mikono ikanyooshwa, kinamasi kikatolewa.

Katapila lilipoletwa kuchimba mifereji, mwongoza wageni alikuwa pale mwinukoni anafungasha. Aliufungua ule mpira wa tyubu ili darubini iingie kwenye mfuko wake. Yule mama wa miwani alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Akamwonea huruma, akautua.

"Pole, mwanangu. Niruhusu nitazame mara ya mwisho."

Hakuwa na nguvu ya kukataa. Akaketi chini akageukia upande mwingine. Mama akavua miwani, akainama, akashika pete, akaizungusha. Kidogo tu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa.

Akapiga yowe. "Yesu wangu! Yupo! Ana mtoto! Anamwagia mtoto maji kwa mdomo wake! Jua limemchoma, mama yake anamwogesha!"

Akainuka analia. "Mbona hukutuambia?"

"Mama, niliwaambia mpaka sauti ikakauka."

"Kusema ulisema, mwanangu. Kushika hukutuachia."

Kule chini katapila likawaka. Na mama akakimbia, jamani, aliacha kuni zake hapo hapo, akamkimbilia mwenyekiti. Mwenyekiti akaja, naye akazungusha pete, akaona. Mzee mzima akavua kofia. Lakini mkutano ulikuwa umekwisha, saini zimetiwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Mifereji ikachimbwa, maji yakashuka. Ndege yule alisimama kiotani hadi tope lilipokauka kiasi cha mbwa kuvuka. Ndipo akaondoka, peke yake.

Sasa tuje kwetu.

Mngependa niwaambie kwamba yule mwongoza wageni alikuwa mtu mbaya. Nami ningependa, mahubiri yangekuwa mepesi. Hakuwa mbaya. Darubini yake ilikuwa bora, ndege wake alikuwa wa kweli, na machozi yake hakuyaigiza. Kumbe inawezekana! Kumbe mtu anaweza kuwa na ukweli mtupu mkononi, na bado kijiji kizima kikapiga kura dhidi yake, kwa sababu ya kipande cha mpira wa baiskeli.

Sisi hapa hatukuchagua vibaya. Imani yetu tuliipima kwenye misiba, tuliipima wakati wa njaa, hatukuipima siku za harusi tu. Tukaona inashika. Kisha tukaiweka sawa kwa macho yetu wenyewe, saa yetu, sauti yetu, namna yetu ya kupiga magoti, tukakaza fundo. Anakuja binti anasema, "Baba, nikiomba hivi unavyoomba wewe sioni kitu." Tunamjibu nini? Usiguse. Anakuja mkwe aliyelelewa kwingine, anauliza kwa nini tunafanya hili na lile. Tunamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Halafu tunawaeleza. Ee, kueleza tunajua! Tunaeleza wakati wa kula, tunaeleza kwenye simu, tunaeleza kwenye vikao vya ukoo. Nao wanatusikiliza kwa heshima, maana tumewalea vizuri, kisha wanakwenda zao. Sisi tunabaki tunasema dunia ya leo imeharibika.

Mzee Ruhaga, usitazame dari, sijakutaja. Nimekutaja? Basi nisamehe, na wewe usijione peke yako, maana naona dari leo inatazamwa na wengi.

Msinielewe vibaya. Sisemi tubadilishe ndege. Yule mama hakuleta ndege mwingine, wala hakusema uji nao ni ndege wa aina yake. Alimwona yule yule, na kiota kile kile, tena aliona hata lile ambalo mwenye darubini hakuwahi kulitaja katika maelezo yake yote: kwamba kule ndani kuna mama anamwagia mtoto wake maji. Mtu akishika kwa mkono wake mwenyewe huenda akaona kitu ambacho wewe, mwalimu wake, hujawahi kumwambia. Je, tuko tayari kwa hilo? Au tunaogopa pete itahama na sisi tuanze upya kutafuta?

Wapo humu wazazi wenye watoto ambao hawajakanyaga hapa miaka mingi. Najua, kwa sababu huniletea majina yao niwaombee. Mnasema, "Mchungaji, omba Bwana awafungue macho." Nimeomba, na nitaendelea. Lakini mwaka huu nimeanza kuwauliza hao watoto, na hakuna aliyeniambia kwamba alikataa kutazama. Walitazama. Walisema wanaona ukungu. Wakaambiwa wasiguse.

Macho yao ni mazima, ndugu zangu. Tusimame tuombe Bwana atufungue sisi mikono.