Gitaa la Shomari

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana mwaka si hadithi, palikuwa na bendi mjini Morogoro ikiitwa Vinara Jazz. Bendi hiyo, jamani, ilikuwa na nyimbo ndefu. Wimbo unaanza, wewe unaagiza chai, unakunywa, unaongeza kikombe, na wimbo haujafika hata katikati. Watu hawakucheza. Walikaa wakasikiliza.

Mtunzi alikuwa Shomari, mpiga gitaa, baba yake Mwantumu. Wimbo wake mkubwa ulisimulia safari ya mtu arudiye nyumbani kwa miguu. Mwishoni kabisa, wakati nusu ya wasikilizaji wameshajiondokea, msafiri anabisha hodi: Mwantumu, fungua, baba amerudi.

Shomari akaugua, naye alikuwa mjane. Hemedi, mpiga kinanda, akaacha bendi akamuuguze. Alimwogesha, akamlisha uji, mpaka siku aliyomfumba macho. Kabla ya kukata roho, Shomari alimwambia bintiye, "Gitaa langu lisikae uvunguni. Siku ukiolewa, mpe aliyenipenda kuliko wote."

Bendi ikabaki na mapengo. Kibwana, mpiga dramu, akachukua na kazi ya kuimba. Akaukata wimbo wa Shomari, safari yote akaitupa, akabakiza pale mlangoni tu. Ukawa mfupi, mtamu, wa kuchezeka, na mji mzima ukauimba. Chande, mpiga gitaa la pili, akasusa. "Mnamkata marehemu vipande," akasema, akaondoka. Akawa anaupiga wimbo mzima kibarazani kwake kila jioni, peke yake.

Basi Mwantumu akapata mchumba wa Kigoma. Wiki ya harusi akawaita wote watatu, gitaa akalilaza mkekani. Moyo ulimuuma, kwa kuwa wote aliwaita baba mdogo, na wote aliwapenda.

Kibwana akasema, "Mwanangu, nimekata, na ruhusa sikukuomba. Lakini nisingekata, leo nani angemkumbuka? Watoto wakiruka kamba wanaimba maneno ya baba yako. Nipe mimi, lipigwe kila Jumamosi."

Chande akasema, "Wanaujua mlango, safari hawaijui. Safari nimebaki nayo mimi. Nipe mimi, niipige na gitaa lililoizaa."

"Na umemfundisha nani, baba mdogo?" Mwantumu akamuuliza taratibu.

Chande akainama. "Hajatokea mtu wa kuusikiliza mpaka mwisho."

Hemedi alipoulizwa akasema, "Mimi gitaa silijui, mama. Nikipewa nitalipangusa vumbi tu. Wimbo wenyewe sikuulinda wala sikuueneza. Ila alipoishiwa nguvu, nilikuwa nikimshikia gitaa kifuani, naye akagusagusa nyuzi. Hakuna sauti ya maana iliyotoka. Lakini alikuwa akitabasamu."

Mwantumu akalia, tena bila kujificha. Akasikitikia wimbo uliokatwa, akasikitikia jioni za Chande zisizo na msikilizaji, akakumbuka lile tabasamu. Akalinyanyua gitaa kwa mikono miwili.

Haya, ninyi hodari wa kuamua ya wenzenu, semeni. Msiniambie wagawane, gitaa haligawanywi kama muwa. Na msiniambie aende nalo Kigoma, baba alishausia. Watatu wamekaa mbele yake, kila mmoja amempenda marehemu kwa namna yake. Je, nani alistahili? Ungekuwa wewe ndiye Mwantumu, ungemnyooshea nani?