Chui Alivyotibiwa Ufizi kwa Manemane

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mdomo.

Wa nani?

Wa Chui. Ukanuka.

Ukanuka vipi?

Mpaka nzi wakauhama! Haya, tulieni.

Ufizi wa Chui ulivimba kwa kutafuna mifupa. Akitafuna, damu. Akipiga miayo, damu. Na kula haachi! Bi Pimbi, kale kamnyama kadogo ka majabalini, alikuwa na watoto watatu. Chui keshawala wawili. Amebaki Kitutu peke yake.

Siku hiyo Chui akapanda jabalini, tata, tata, tata.

"We Pimbi! Nasikia una manemane. Niponye ufizi, halafu nile hako kalikobaki."

"Hewala, mzee," akasema Bi Pimbi. "Ni utomvu wa ule mti wa miiba. Chukua punje moja, tia maji ya vuguvugu, sukutua, tema."

"Punje?"

"Punje."

"Nisukutue?"

"Sukutua."

"Niteme?"

"Tema, mzee."

Chui akanguruma. "Punje wape panya! Na mimi sijawahi kutema kitu. Lete chungu kizima!"

Bi Pimbi hakubisha. Chungu alishakiweka juani tangu alipomwona Chui anakuja, maana anaujua ulafi wake, na utomvu umeshalainika, unanata. Chui akabugia. Bugu, bugu, bugu!

"Sasa fumba mdomo, mzee, kalale pangoni kwenye baridi."

Akalala. Manemane ikapoa, ikaganda. Chui akaamka na njaa, afungue mdomo. Mmmh! Akavuta. Mmmh! Akakwaruza kwa kucha. Mmmh!

Bi Pimbi akamleta Kitutu mpaka mbele ya pua yake.

"Mtoto huyu hapa. Mbona huli? Bado umeshiba wenzake?"

"Mmmh!"

"Sikusikii, mzee. Sema kwa nguvu!"

Akacheka Bi Pimbi, akacheka huku analia, maana wale wawili hawarudi.

Siku ya nane Chui akafa kwa njaa. Wanyama wakaja, wakaupasua ule mdomo, wakachungulia. Lo! Unanukia vizuri. Ufizi umepona kabisa, hata jino moja halijalegea.

Hadithi yangu imefika jabalini, imekaa; anayetaka kuishusha aishushe.

Na funzo, watoto, ni hili: mkipewa dawa kidogo, daini nyingi. Chui alidai chungu kizima, na tangu siku ile hajalalamikia ufizi tena.