Kidonda Chini ya Tandiko

Wametuhadithia wema waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mcha Mungu aitwaye Dhakwani, mtu wa sala za sunna na nyiradi ndefu. Alikuwa na farasi jike wa kumpeleka msikitini na kumrudisha. Kila alipofika alimfunga nje na tandiko lake mgongoni, mkanda umembana tumbo, akaingia kusali. Huko ndani aliisahau dunia yote, na farasi akiwamo.

Mkewe, Bi Rababu, alimwambia, "Bwana, mnyama huyu ana kidonda mgongoni. Mpumzishe."

"Nitamtazama nikimaliza nyiradi zangu," alijibu. Na nyiradi za watu wa namna yake, mnawajua wenyewe, haziishi.

Ikawadia safari ya Hija, aliyoitamani tangu ujanani. Desturi ya mji ule, kila msafiri humvua mnyama wake tandiko mbele ya amiri wa msafara, naye amiri humpapasa mgongo kwa kiganja. Mnyama mwenye jeraha haondoki, na bwana wake hubaki naye. Dhakwani alilijua hilo. Asubuhi ile alikipaka kidonda samli, akakifunika kwa blanketi jipya, akatandika juu yake.

Zamu yake ilipofika, amiri, mzee Nuaimu, aliurudisha mkono nyuma kwa heshima.

"Wewe, shekhe wetu, tukukague nini? Pita, utuombee dua."

Watu wakampisha. Dhakwani akapiga hatua chache, uso ukimwaka kwa haya. Lau angekaguliwa na kukamatwa, angekuwa mkosaji kama wakosaji wengine, lakini ile heshima ilimchoma. Akageuka, akaufungua mkanda mbele ya wote, akashusha tandiko. Blanketi lilikuwa limegandana na usaha. Alipolibandua, mnyama alitetemeka mwili mzima.

"Nani amemfanyia hivi?" Nuaimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi. Nilikuwa ndani namwomba Mola wangu anipunguzie mizigo, na huyu amesimama nje na mzigo wangu mgongoni."

Msafara ukaondoka. Dhakwani akarudi kwa miguu akimwongoza farasi, akipita mtaa uleule uliokuwa umekwisha kumuaga, akitamani ardhi immeze. Tangu siku hiyo alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi kabla ya kushika tasbihi, wala hakumpanda tena mpaka ngozi ilipofunga.

Siku alipomwendea na tandiko, farasi alirudi nyuma, masikio ameyalaza.

"Mgongo umepona," alisema Bi Rababu. "Mbona anakukimbia?"

"Ananijua," alijibu Dhakwani, akaliweka tandiko chini.

Ndugu zangu, mji mzima ulimjua mtu yule kwa sala zake, na farasi alimjua kwa mkanda. Sisi tunaopenda kupishwa mlangoni, tumwogope shahidi yule ambaye hajawahi kutuita shekhe.