Mwiko Jikoni, Sauti Mlangoni

Mwiko jikoni, sauti mlangoni. Mnacheka? Mmemsikia fundi akimwambia mwenzake hivyo mbele ya kompyuta, mkajiuliza mwiko umefikaje huko. Haya, kaeni, na huyo anayechezea simu aiweke chini. Maneno haya yana mwenyewe. Yalizaliwa katika nyumba moja ya Chumbageni, Tanga, baada ya Bi Mwanamvua kubisha hodi asijibiwe.

Bi Mwanamvua alikuwa mpishi wa harusi, mwingi wa mizaha, lakini mtu wa adabu za zamani. Aliishi na mjukuu wake Salha, binti mwenye kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Alimwita "mke mwenzangu", kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Sasa masikio ya bibi yalikuwa yakimwacha taratibu, na daktari hakumficha kwamba siku moja yatanyamaza kabisa. Bibi hakusikitikia redio wala soga za majirani. Alisikitikia kaseti moja.

Kaseti yenyewe ilitoka kwa Mbaruku, mwanawe, mjomba wake Salha. Mbaruku alikwenda Maskati kutafuta maisha, na enzi hizo watu walirekodi salamu kwenye kaseti wakampa msafiri azifikishe nyumbani. Ile ilikuwa ya mwisho, kwa maana Mbaruku alifariki huko huko na kuzikwa huko huko. Bibi aliicheza mpaka utepe ukachakaa. Ikabaki kuchachatika kama mafuta ya kukaangia, sauti ya mtu haisikiki tena.

Salha aliihamishia ile sauti kwenye kompyuta. Alijua programu moja ya mafundi wengine, iliyo hodari kwa kusafisha sauti, ila haina sura: haina dirisha wala kitufe, unaiandikia amri nayo inakwenda kufanya kazi kimya kimya. Alipotaka kuisafisha mwenyewe, bibi akakataa katakata.

"Salamu za mwanangu nazifungua mimi, mke mwenzangu. Tena na mlango umefungwa."

Basi Salha akamtengenezea dirisha lenye kitufe kimoja kikubwa, kimeandikwa "Fungua". Bibi akikibonyeza, dirisha linaituma ile programu ya kusafisha. Na hapo ndipo alipoteleza, maana baada ya kutuma, dirisha lilisimama kumngoja mtumwa wake, yaani ile programu. Likamkodolea macho, lisifanye jambo jingine lolote mpaka arudi. Salha alikuwa amejaribu kwa sauti fupi fupi tu, na mtumwa alirudi kabla hajapepesa jicho. Kaseti ya Mbaruku ilikuwa ndefu.

Siku ya siku, bibi alioga, akajifunga kanga mpya, akajifukiza udi kama anayekwenda kupokea mgeni. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Salha akabaki ukumbini.

Bibi akabonyeza. Dirisha likapauka, likaganda. Akangoja, akabonyeza tena. Kimya. Akangoja zaidi, akabonyeza mara ya tatu. Nanyi mnajua, kwa watu wa adabu hodi ni tatu, na usipojibiwa unageuza. Bibi akageuza. Alipokuwa akitoka akazima swichi ya ukutani ya kompyuta, kama mtu anavyozima taa ya chumba kisicho na mtu.

"Vipi, Bibi? Umemsikia?"

"Hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nimebisha hodi zote tatu. Mlango usiojibu haulazimishwi."

Salha akakimbilia chumbani. Sauti ilikuwa salama, ila kazi ilikatwa njiani. Akarudi mbio.

"Bibi, hakuna aliyekukataa! Kazi ilikuwa inaendelea kule ndani. Njoo tuanze upya."

"Sirudi." Bibi akakaa kwenye mkeka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi ndiye niliyemwambia nenda, mwanangu, kajaribu bahati. Hakutaka kwenda. Mtoto yule hata akitoka kisimani alibisha hodi kwao mwenyewe ndipo aingie. Nikamtoa mimi. Nani ataniambia hajanikasirikia huko aliko?"

Salha akaketi kando yake. Mambo ya kompyuta angeweza kuyaeleza mpaka jua litue, lakini moyo wa mama utauelezaje? Akamshika bibi mkono, wakalia wote wawili.

Baadaye bibi akajikokota jikoni, maana alipokuwa na uchungu alipika. Akabandika mchuzi wa samaki, akatia tui. Tui zito halitaki kuachwa. Ukiacha kulikoroga linapochemka, linakatika, na mchuzi umeharibika. Papo hapo Mama Twaha wa nyumba ya pili akafika, akapaza sauti kwa kuwa aliyajua masikio ya mwenyeji.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Nipo jikoni, nakoroga tui! Kaa hapo barazani, naja!"

Mama Twaha akakaa. Kitambo kidogo akaita tena, "Hodi, mwenzangu!"

"Nipo, nipo! Linakaribia!"

Salha alikuwa ukumbini, anasikia kote kuwili. Akaona tui halikukatika na mgeni hakuondoka. Bibi hakuacha mwiko hata kidogo, wala hakumwacha mtu mlangoni na kimya. Lo! Akaruka kwenda kwenye kompyuta.

Akalifundisha dirisha adabu ile. Likishatuma, lisisimame kungoja, libaki mlangoni. Kila mara mtumwa anapotoa habari kutoka jikoni, lizipokee na kumpa bibi. Mtumwa akianguka, liseme ameanguka, lisifiche. Akaongeza na kitufe kidogo cha "Basi", kwa mgeni anayetaka kuondoka kwa hiari yake. Halafu akamfuata bibi.

"Bibi, nikuulize. Mgeni kabisha hodi, hakujibiwa, kageuza. Mwenyeji akimfuata njiani kumwomba radhi, mgeni afanyeje?"

"Arudi," alisema Bibi. "Kuombwa radhi na usirudi, huo ni ujeuri."

"Basi mlango ule ni wangu mimi. Mjomba hana kosa, na wewe huna kosa. Nimekufuata, Bibi. Niwie radhi."

Bibi akainuka. "Twende, na safari hii ingia nami."

Akabonyeza. Papo hapo yakatokea maandishi makubwa: "Karibu, Bibi. Kazi iko jikoni. Naja." Bibi akashtuka, akabonyeza tena. "Nipo, Bibi. Nusu imekwisha." Akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Akabonyeza mara nyingine, si kwa haraka yoyote, bali kwa raha ya kuitikiwa.

"Ehee! Mwiko jikoni, sauti mlangoni! Hivyo ndivyo nyumba ya watu inavyokuwa. Mimi hapa nitangoja hata mpaka kesho."

Hakungoja mpaka kesho. Kazi ikaisha, dirisha likasema imeisha, na Salha akaongeza sauti mpaka mwisho. Ule mchachatiko haukuwepo tena. Ikasikika pumzi ya mtu, halafu Mbaruku mwenyewe, wazi kabisa:

"Hodi, mama. Hodi nyumbani."

Akanyamaza kidogo. Alikuwa ameacha nafasi ya kuitikiwa, kule Maskati, miaka yote ile iliyopita, kwa sababu alimjua mama yake.

Bibi alimkamata mjukuu wake mkono kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta.

"Karibu, baba," akasema. "Karibu, mwanangu. Nipo."

"Shikamoo, mama," Mbaruku akaendelea, na Bi Mwanamvua akalisikia kila neno.

Ndiyo maana mafundi wanaambiana hivyo. Kazi iwe nzito namna gani, aliyesimama mlangoni aitikiwe, kwani hamjui kaja na nini moyoni. Mwiko jikoni, sauti mlangoni.